Kusimama ni Kazi

Watu wengi wakiliona jitu la chuma kwenye filamu, macho yao hukimbilia mizinga ya mabegani na taa za usoni. Mimi hutazama miguu. Nataka kujua unyayo unakanyaga wapi, goti linakunjika kiasi gani, na kiwiliwili kinaegemea upande upi mguu mmoja unapokuwa hewani. Mazoea haya niliyapata ujanani, hapa Dar es Salaam, kwenye mchezo wa kompyuta uitwao Garry's Mod, ambamo mimi na wenzangu tulijenga majitu ya chuma yenye urefu wa ghorofa na kuyatembeza. Nayaandika haya kwa sababu majitu yale yalinipa somo ambalo sikulipata darasani, nami nimelitumia kila siku tangu hapo: kitu kilichosimama hakijapumzika. Kiko kazini, na kazi yenyewe ni kujirekebisha bila kukoma.

Mchezo huo ulianza kama modi, yaani kazi ya shabiki inayopachikwa juu ya mchezo wa mtu mwingine ili kuugeuza. Novemba 2004 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa Half-Life 2, mchezo wenye hadithi, maadui na bunduki. Mwezi uliofuata, Mwingereza mmoja, Garry Newman, akatoa modi yake. Hadithi aliiweka kando, akachukua kilichokuwa chini yake, nacho ni fizikia. Katika Half-Life 2 mapipa yaliviringika, mbao zilielea majini na matofali yalilemea ubao wa bembea, kwa kuwa Valve walikuwa wametumia programu ya Havok, iliyozaliwa Dublin, Ireland, kwa kazi ya kupiga hesabu za mwendo, uzito na migongano. Newman akampa mchezaji uwanja mtupu, ghala la vitu, na zana za kuviunganisha: kuchomelea, kufunga kamba, kutia bawaba, kupachika injini ya kusukuma. Hakukuwa na alama wala mshindi. Novemba 2006 modi ikaanza kuuzwa kama mchezo unaojitegemea, kwa takriban dola 10.

Mimi nilioneshwa na binamu yangu, fundi wa kompyuta Kariakoo, jioni moja baada ya wateja kuondoka.

"Unashindaje hapa, kaka?" nikamuuliza.

"Hapa hakuna kushinda, mdogo wangu. Hapa unajenga. Ukimaliza, unajenga kingine."

Wengi walijenga magari, wengine mashua na roketi. Mimi nilitaka jitu lenye miguu miwili. Gari ukilipa magurudumu manne limeshasimama, lakini jitu hata ulipe nini halisimami. Unachukua bamba la chuma kuwa kiwiliwili, mabamba mengine kuwa mapaja na miundi, unayaunga kwa bawaba penye nyonga na magoti, kisha unayaachia. Yanamwagika chini papo hapo, kwa sababu bawaba ni kiungo tu, haina msuli. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba umbo la mtu si jambo gumu. Mtoto hulichora kwa mistari mitano. Jambo gumu ni ile kazi isiyoonekana inayofanyika ndani ya umbo mtu anaposimama kituoni akisubiri basi.

Msuli tuliupata kwenye nyongeza ya Wiremod, modi iliyotengenezwa juu ya modi. Iliwaletea wachezaji nyaya, vitambuzi na chipu ndogo inayoandikiwa msimbo kwa lugha iitwayo Expression 2. Unaibandika chipu kwenye kiwiliwili, unaandika maagizo, nayo inayatekeleza mara 66 hivi kwa kila sekunde. Kila mara inapima kiwiliwili kiko wapi, inalinganisha na mahali kinapotakiwa kuwa, kisha inakisukuma.

Maagizo ya mwanzo ambayo kila mmoja wetu alijifunza yalikuwa ya mstari mmoja. Kwa Kiswahili yangesomeka hivi:

msukumo = tungamo × (umbali uliobaki × 10 − kasi)

Nimeshika vitabu vingi tangu wakati huo, na sijaona mstari mfupi kuliko huu wenye maana kubwa kama hii. Sehemu ya kwanza, umbali uliobaki, kila mtu anaielewa bila kufundishwa: kama kiwiliwili kimeshuka chini ya mahali pake, kisukume juu, na kadiri kilivyo mbali ndivyo usukume kwa nguvu. Ukiacha hiyo peke yake, kiwiliwili kinapanda, kinafika mahali pake, na kwa kuwa kimefika kikiwa na kasi kinapitiliza. Kinarudishwa, kinapitiliza tena upande wa pili. Ni kama daladala ambayo springi zake ni nzima lakini shokapu zimekufa: tuta moja tu, na abiria wanarushwa mpaka kituo kinachofuata. Dawa iko kwenye sehemu ya pili, kutoa kasi. Ukiwa unakaribia unakokwenda na tayari una kasi ya kutosha, msukumo unapungua. Ukiwa na kasi ya kuzidi, msukumo unageuka kuwa breki kabla hujafika.

Niliiandika hiyo alama ya kutoa, nikaona kiwiliwili cha tani kadhaa kikipanda taratibu na kutulia mahali pake kana kwamba kimewekwa juu ya meza. Nilielewa wakati uleule kwamba kujua unakokwenda ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni kujua unakwenda kwa kasi gani sasa hivi. Nimeona biashara zikianguka kwa kukosa nusu hii ya pili. Mwenye duka anaona bidhaa inauzika, anaagiza, anaagiza tena, kila agizo kubwa kuliko lililopita, na mzigo unapofika bandarini wateja wameshatosheka. Aliangalia pengo lililobaki, na hakuangalia kasi aliyokuwa nayo tayari.

Ile namba 10 nayo ina somo lake. Ukiiongeza, jitu linajibu haraka na linaonekana imara zaidi. Ongeza tena, linaanza kutetemeka. Ongeza tena, mabamba yanarushwa huku na huko na mwili wote unasambaratika. Sababu ni kwamba chipu haioni kila kitu papo kwa papo. Inaona, inatenda, inasubiri sehemu ndogo ya sekunde, inaona tena. Marekebisho makali mno huvuka lengo kabla ya kipimo kingine kuchukuliwa, na kipimo hicho kinaleta marekebisho makali zaidi upande wa pili. Nguvu ya kurekebisha lazima ilingane na jinsi unavyopata habari. Anayepata habari mara chache arekebishe kwa upole. Mzazi anayemwona mwanawe mwisho wa mwezi tu, halafu akataka kunyoosha kila kitu jioni hiyohiyo, anafanya kile kile lilichofanya jitu langu lenye kizidishi kikubwa.

Baada ya kusimama tulitaka kutembea, na kutembea kukatuletea pembetatu. Nyonga, goti na kifundo cha mguu ni pembe tatu za pembetatu moja. Urefu wa paja unaujua, urefu wa muundi unaujua, na umbali kutoka nyonga hadi mahali unapotaka kukanyaga unaupima. Kanuni ya kosaini ya sekondari inakupa pembe ya goti. Paja likiwa vipimo 100 na muundi 100, unyayo ukiwa umbali wa 141 kutoka nyonga, goti linakaa nyuzi 90. Umbali ukipungua hadi 100, goti linakunjika hadi nyuzi 60. Umbali ukizidi 200 hakuna jibu kabisa, kwa kuwa mguu haufiki, na msimbo usipoambiwa hilo mapema mguu mzima unaharibika. Kanuni hiyo nilikuwa nimeikariri kwa ajili ya mtihani na kuiweka pamoja na vitu vingine vya kusahauliwa. Niliporudi kwenye daftari langu la hesabu kuitafuta, nililifungua kwa hamu niliyokuwa sijawahi kuwa nayo. Sasa ilikuwa na goti la chuma mwisho wake.

Swali kubwa zaidi lilikuwa unyayo ukanyage wapi. Jibu la haraka ni kukanyaga chini ya mwili, lakini jitu linalofanya hivyo huanguka kifudifudi, maana mwili unaendelea mbele mguu ukiwa chini. Unyayo lazima utangulie, na utangulie kwa kadiri ya kasi. Tulikuwa tunachukua mahali pa kiwiliwili, tunaongeza kasi yake mara namba fulani, kisha tunatuma mwali wa kupimia kwenda chini ili kujua ardhi iko kina gani pale mbele. Hapo ndipo mguu uliposhuka. Miaka baadaye nilisoma habari za Marc Raibert, Mmarekani aliyeanzisha maabara ya roboti zenye miguu mwaka 1980 na baadaye, mwaka 1992, kampuni ya Boston Dynamics. Roboti yake iliyovuma ilikuwa na mguu mmoja tu, ikarukaruka kama mtoto anayecheza. Kanuni yake ya mahali pa kukanyaga ni ndugu ya ile yetu: chukua kasi ya mwili, zidisha kwa nusu ya muda ambao unyayo utakaa ardhini, tanguliza unyayo umbali huo, halafu ongeza au punguza kidogo kama unataka kwenda taratibu au haraka. Nilifurahi sana kuisoma. Vijana waliokuwa wanacheza, bila mwalimu wala maabara, walikuwa wamefikia mlango uleule kwa kuona majitu yao yakianguka na kuuliza kwa nini.

Kuanguka kwenyewe kulikuwa bure, na hili ni la kuzingatia. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila mhunzi wa kweli hulazimika kununua koleo jingine. Sisi tulibonyeza kitufe kimoja, jitu likarudi zima. Tuliweza kujaribu mambo ambayo fundi wa karakana hawezi kuyajaribu kwa sababu kila jaribio lingekula mshahara wake, au mguu wake.

Kwa upande wa chuma halisi, gharama ni kali kiasi kwamba hata mabingwa wanaegemea kitu. Desemba 2020, katika bandari ya Yokohama nchini Japani, ulifunguliwa uwanja wenye Gundam inayotembeza viungo vyake, jitu la mita 18 na tani 25, lililotokana na katuni maarufu iliyoanza kuoneshwa mwaka 1979. Lilinyanyua magoti na kukunja vidole mbele ya watazamaji hadi Machi 2024. Aliyeangalia vizuri kiunoni kwake aliona limeshikwa na mhimili mkubwa kutoka nyuma. Halikujibeba lenyewe, na sababu Galileo aliieleza mwaka 1638: ukikuza umbo mara mbili kwa urefu, uzito wake unaongezeka mara 8, lakini ukubwa wa mfupa unaobeba uzito huo, ukiukata katikati, unaongezeka mara 4 tu. Kwa hiyo kila jitu linalokua linadaiwa na miguu yake. Katika mchezo wetu deni hilo lilisamehewa, kwa sababu bamba halipindi na uzito unauchagua mwenyewe. Lakini sheria ya kurekebisha haikusamehewa. Dogo au kubwa, jitu lisilojirekebisha linalala.

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na baadaye kidogo nami nikaweza kuingia kwenye seva za Ulaya. Huko nilikuta wajenzi ambao majitu yao yalipanda ngazi. Mmoja wao, ambaye sikujua jina lake la kweli wala mji wake, aliniacha nifungue chipu ya jitu lake na kusoma msimbo wote, mstari kwa mstari, huku akinijibu maswali kwa maandishi mpaka usiku wa manane wa kwetu. Hakunitoza chochote. Alichotaka ni nikimaliza nijenge la kwangu na kumwonesha. Baadaye nami nikawaachia wengine wafungue langu. Desturi hiyo ya kuacha kazi wazi ndiyo iliyofanya ufundi ule usonge, maana kila mgeni alianzia pale mwenzake alipofikia.

Seva ya mbali ilileta jambo jingine. Nikibonyeza "mbele", agizo lilisafiri chini ya bahari hadi Ulaya, na picha ya jitu likiitikia ikarudi kwa njia hiyohiyo. Uchelewaji huo ungetosha kuliangusha kama mimi ndiye ningekuwa nauambia kila msuli la kufanya. Halikuanguka kwa sababu kusawazisha kulifanyika palepale kwenye chipu, karibu na miguu. Mimi nilituma nia tu: nenda, geuka, simama. Ndivyo zinavyofanya kazi hata roboti za sayari ya Mirihi. Ishara ya redio kutoka duniani huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika huko, hivyo gari la utafiti hupewa mahali pa kwenda, na mawe ya njiani huyakwepa lenyewe. Tangu nilipoanza kusimamia mafundi wengine nimeshika kanuni hii. Aliye karibu na kazi apewe mamlaka ya kurekebisha. Aliye mbali aeleze tunakokwenda, kisha asikilize.

Jambo moja kuhusu Wiremod linanipa moyo hadi leo. Imeandikwa kwa lugha ya Lua, ambayo ndiyo Newman aliyowafungulia wachezaji ili waupanue mchezo wake. Lua haikuzaliwa California wala London. Ilizaliwa mwaka 1993 Rio de Janeiro, Brazili, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha huko, mikononi mwa Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Brazili ya miaka hiyo ilikuwa imetoka kwenye masharti makali ya kuingiza kompyuta na programu kutoka nje, na wahandisi wake walikuwa wamezoea kujitengenezea zana zao. Zana waliyojitengenezea kwa mahitaji yao wenyewe ikaja kuingia kwenye michezo inayochezwa dunia nzima. Kwa kijana wa Tanga, Kisumu au Bujumbura anayedhani lugha za kompyuta hutengenezwa na watu wa mbali tu, habari hii inafaa kusimuliwa kwa sauti.

Siku hizi Jumamosi nafundisha vijana katika karakana ndogo. Tunajenga roboti ya magurudumu mawili, ndogo kuliko sanduku la viatu, yenye kitambuzi cha kupima mwinamo na mota mbili. Ukiizima inalala. Ukiiwasha inatakiwa isimame kwa kukimbilia upande inakoangukia. Msimbo wake ni ule mstari wangu wa zamani, ila badala ya umbali kuna pembe ya mwinamo, na badala ya kasi kuna kasi ya kuinama. Mara ya kwanza binti mmoja alipoiwasha ya kwake, ilitetemeka juu ya meza kwa mlio wa nyigu.

"Mwalimu, inaogopa kuanguka," akasema.

"Ndiyo. Sasa ipunguzie woga."

Alipunguza kizidishi, akaongeza uzito wa sehemu ya kasi, akawasha tena. Roboti ikayumba, ikajikamata, ikasimama. Akaisukuma kwa kidole, ikarudi mbele na nyuma na kutulia. Akaniuliza kwa nini bado magurudumu yanasogea kidogokidogo ikiwa imeshasimama. Nikamwambia aondoe mkono aangalie vizuri, kisha ajijibu mwenyewe. Alikaa kimya, halafu akasema: "Kumbe haijasimama. Inasimama." Sijawahi kusikia mtu akilieleza vizuri kuliko hivyo.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wazazi na walimu. Kijana anayetumia saa nyingi kwenye mchezo wa kupiga risasi na kijana anayetumia saa hizo kujenga mtambo unaoanguka na kuinuka hawafanyi jambo moja, hata kama wote wawili wamekaa mbele ya skrini. Huyu wa pili mkae naye. Mwulizeni kwa nini jitu lake linaanguka upande wa kushoto, ameandika nini, namba ile ameipata wapi. Akishindwa kujibu, msimpokonye kompyuta, mleteeni daftari la hesabu. Walimu wa fizikia nao wasiogope kulileta jitu darasani, kwa kuwa kani, kasi, kitovu cha uzito na kosaini zimo zote ndani yake, na zimo kwa namna ambayo mwanafunzi anazihitaji leo jioni, kabla ya mtihani wowote.

Hilo la kuhitaji ndilo kiini. Mimi sikupenda hesabu kwanza ndipo nikajenga. Nilitaka jitu lisimame, na hesabu ikawa njia pekee. Nchi zetu zina vijana wengi wenye hamu ya namna hii, na hamu hiyo ni mtaji kama ulivyo mtaji wa fedha. Tuwape vitu vya kuunganisha, tuwaachie kazi zetu wazi wazisome, na tuwape muda wa kuona vitu vyao vikianguka mpaka wajue sababu. Mafundi watatoka humo.